Lango la Watalii

Sumaya binti yangu,

Nilikupoteza Jumamosi tarehe 18 Oktoba, saa nane na dakika kumi mchana, langoni pa chuo chako huko Oxford.

Hapa nyumbani, mtaani Saint-Josse, tu wazima. Kaka yako Jamal anaoa tarehe 20 Desemba, na gauni lako nimeshalishona.

Bon, haya, nije kwenye lile la langoni. Jamaa wa mwanafunzi huingia kwa mlango mdogo. Bawabu alitazama kapu langu la sambusa, akakuuliza mimi nani. Ukajibu kwa Kiingereza mbele ya rafiki zako, "Mtalii tu." Ulidhani sielewi, lakini neno hilo hata Kifaransa kinalo. Nikapanga foleni na wageni ishirini na sita, nikawagawia sambusa zako. Kiongozi akatuonyesha ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya wanafunzi wa miaka mia sita. Kengele zilipolia, wenzangu walitazama mnara. Mimi nilikuwa nakutafuta madirishani.

Miaka kumi na moja nilifagia ofisi za kituo cha treni cha Gare du Nord ili usome, kabla sijafungua duka, na sikuwahi kukukana.

Sitaki hadithi za mitihani. Nijibu kabla ya adhuhuri ya Ijumaa: arusini utakaa nami, au nikuhesabu na waalikwa?

Mama yako,
Latifa