Sauti Yako Niliyowaandikia Wanajeshi

Mdogo wangu Amade,

Sijui barua hii niitume wapi, kwa hiyo naiacha wazi, aisome yeyote. Huenda mmoja wa watakaoisoma anakujua.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa na kigugumizi, na maneno yanayoanza na "m" ndiyo yaliyokutesa. Watoto wa mtaani kwetu Mocímboa walikucheka kila ulipoomba maji. Nikakufundisha kutanguliza "basi". "Basi maji, dada." Neno likapita! Tangu siku hiyo ukawa unaomba kila kitu hivyo, basi muhogo, basi mkeka, mpaka mama anacheka peke yake jikoni.

Ulikuwa na miaka kumi na sita waasi waliposimamisha chapa, gari la abiria ulilopanda, pale Awasse, wakakushusha wewe na vijana wengine na kuwaingiza porini. Dereva ndiye aliyetuletea habari. Mimi nilikuwa mbali, chuoni, nasomea lugha.

Mwaka huu mwalimu wangu alituita wanafunzi watatu tuliotoka pwani. Chuo kimeafikiana na jeshi, alisema. "Wananasa mazungumzo ya wale watu kwenye simu za upepo. Mashine wanazo. Kiswahili na Kimwani hawana." Nilikubali kabla hajamaliza. Watu hao ndio waliokuchukua.

Tulikaa maabara, tunasikiliza na kuandika kwa Kireno, ofisa mmoja ameketi karibu na mlango. Siku ya tisa nikakusikia.

"Basi maji yametuishia. Basi mgonjwa amezidiwa. Kesho alfajiri tunashuka mtoni, nyuma ya mashamba ya Diaca."

Sauti imekuwa nzito, Amade, lakini ilikuwa yako. Nilirudisha nyuma mara tatu. Ofisa akauliza, "Vipi, senyora, haisikiki?" Ningeweza kusema ndiyo, haisikiki. Lakini mama mdogo Zainabu alikuwa amerudi Diaca wiki ile na wanawe kuchimba muhogo, na nilijua wenzako wanavyofanya wakikuta watu mashambani.

Nikaandika yote. Chini yake nikaongeza: "Msemaji alitekwa akiwa mtoto. Hakwenda kwa hiari yake." Mwalimu alipopitia ukurasa, akaufuta mstari huo kwa kalamu.

"Hayo hayamo kwenye sauti," alisema. "Sisi tunatafsiri tu."

"Ni mdogo wangu, mwalimu."

Aliinamisha kichwa. Kisha akampa ofisa karatasi.

Baada ya siku mbili ofisa alikuja kutushukuru, kazi yetu imewasaidia sana. Nikamuuliza kama kuna aliyekamatwa akiwa hai. "Hilo si la chuo," akajibu. Nilibaki kwenye kazi ile mwezi mzima zaidi, nikikutafuta katika kila kipande walichotuletea. Sikukusikia tena. Nikaacha.

Mama mdogo yuko salama. Hajui lolote.

Mama nilimwambia mwenyewe. Tulikuwa uani, anapepeta mchele. Kwanza aliuliza, "Sauti yake ilikuwaje?" Nikamwambia imekuwa nzito, ya mtu mzima. Akatabasamu, Amade, nisikufiche. Kisha akauliza, "Na nani aliwaambia alipo?"

"Mimi, mama."

Akaendelea kupepeta mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. Hajanitukana. Ananisalimu, ananipakulia chakula, lakini jina langu halitamki. Shehe alipokuja kuuliza kama tukusomee hitima, mama alikataa. "Sijaonyeshwa kaburi," alisema, akaingia ndani.

Ningeweza kukuandikia kwamba sikuwa na njia. Nilikuwa nayo. Niliwaweka upande mmoja watoto wa mama mdogo na wewe upande mwingine, nikachagua, na kesho ningechagua vilevile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Kama umekufa, Mungu akupe kivuli na maji. Kama uko hai, usinisamehe kwa ajili yangu. Njoo tu kwa mama, unichukie ukiwa nyumbani.

Ni mimi, dada yako uliyezaliwa ukamkuta.