Jumamosi Tunashusha Kuba Lako

Mume wangu, Baba Neema,

Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, maana nikimlaza analia. Afadhali usikie kwangu kabla ya kusikia kwa mama yako: Jumamosi nashusha kuba, paa lako la matofali. Naweka mabati.

Nakumbuka jioni uliyoniomba rozari. Nilifikiri hatimaye unataka kusali. Ukaitundika kwenye misumari miwili, ukachora karatasini ule mkunjo ulioning'inia, halafu ukaigeuza karatasi juu chini.

"Paa letu hili hapa," ukasema. "Shanga zinavutana. Ukigeuza, matofali yatasukumana. Halihitaji nondo wala mabati."

Saruji wakati ule ilikuwa haipatikani hata kwa kibali, na nguo tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Nikakuamini.

Mlikuwa watatu: wewe na vitabu vyako vya chuo, Petro muashi, na yule mchomeleaji aliyeunda mashine ya kufyatulia matofali kwa vyuma vya lori bovu. Mlitia udongo kwenye chupa za maji, mkangoja utulie muone una mchanga kiasi gani. Wa ziwani mkaukataa, wa kijiji cha Mutuka mkausifu kama bibi harusi. Mlijenga kipande, mkakiangusha kwa makusudi, mkajenga tena. Watu wakitoka sokoni walisimama hapa Nangara kuwacheka.

"Baba Neema, hiyo ni nyumba au tanuri la mikate?"

"Tanuri. Ingia, umebaki mkate mmoja!"

Lilipokamilika, ndani palikuwa na ubaridi kama kanisani. Neema alikuwa anaita jina lako kwa nguvu, ili tu asikie sauti yake ikimrudia.

Ulisema juu tutakandika kama bibi zetu wa Mbulu, udongo na samadi ya ng'ombe, kila mwaka kabla ya mvua. "Kazi hiyo wanawake mnaijua." Kweli tunaijua. Lakini bibi zetu walikandika wakiwa kundi zima, wakiimba na kutaniana. Mimi niko peke yangu, tena baada ya kushinda sokoni na samaki. Homa ilikuchukua kabla ya msimu wa pili. Nilikandika nusu, nikashindwa, na mvua ikapita kwenye ile nusu nyingine. Sasa matofali yanamong'onyoka juu ya kitanda cha watoto.

Petro alipanda kuangalia. Aliposhuka hakunitazama usoni.

"Kuba halijashindwa, shemeji. Limekosa mikono."

Neno hilo limenikaa kifuani. Nikichota maji nalisikia, nikikoroga uji nalisikia. Labda ningeamka mapema zaidi. Labda ningewaomba wanawake wa jumuiya, badala ya kuona aibu. Lakini na mimi nina langu, Baba Neema. Ulipima uzito wa kila tofali. Mikono yangu hukuipima. Nasema bila hasira. Nakupenda, na hukuipima.

Mama yako alikuja jana, akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo unambomoa mwanangu."

"Shikamoo mama. Nabomoa paa."

"Marahaba. Mimi sioni tofauti."

Na mimi, kusema kweli, kuna siku siioni. Nikipita chini ya tao la mlangoni nainamisha kichwa, ingawa ulilijenga refu.

Ila sitarudi nyuma. Kaka yangu amenipatia mabati yaliyong'olewa kwenye ghala kuukuu. Yana matundu ya misumari, tutayaziba kwa lami. Kuta zako zinabaki, na Petro nimemwambia wazi: atakayezigusa kwa nyundo atanikuta mimi.

Neema ameniuliza kama utakasirika. Nimemwambia ndiyo, utakasirika, halafu utainama upapase godoro lao, uone kama ni kavu.

Pumzika, mume wangu. Ukiweza, nisamehe.

Mimi mkeo,
Mama Neema