Picha Iliyomwagiwa Maji

Jumatatu, 3 Machi
Basi limechelewa tena. Langley Park matope matupu, bado wanachimba njia ya reli. Nimefika kazini Beltsville miguu imelowa. Nikambadilisha Mama Halina, mzee ninayemtunza, nepi, nikampa uji, nikampa dawa. Akataka kiti kielekezwe kwenye picha, kama kila asubuhi. Maua kwenye chombo. Rangi nene, majani ya buluu, meza imeinama kama inataka kumwaga kila kitu. Aliyeichora ni Mpolandi kama yeye. Mamake alivuka nayo bahari. Yeye huitazama, mimi hupiga deki. Sihisi kitu. Tangu dada yangu Rispa azikwe kwetu Bungoma bila mimi, nikiwa huku ng'ambo, niko hivi tu.

Jumatano, 5 Machi
Ewa amekuja kutoka Woodbridge. Ni binti wa pekee wa Mama Halina. Mamake aliacha jiko likiwaka juzi usiku. Kosa moja tena, amesema, na anampeleka kwenye makao ya wazee. Kasema mbele yake, kana kwamba hasikii. Mama Halina akanishika mkono. Vidole baridi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa chumbani nakunja nguo. Kutoka, namkuta Mama Halina amesimama, gilasi mkononi, anaimwagia picha maji.
"Yana kiu," akaniambia.
Nikamketisha. Nikakausha fremu na ukuta. Picha yenyewe niliogopa kuigusa. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Ewa ameona. Rangi imevimba, kipande cha ua jekundu kimebanduka.
"Uliipangusa kwa kitambaa chenye maji?"
"Hapana."
"Basi ni nani?"
Nikainama kuokota kile kipande. Mama Halina alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Ewa akaipigia simu ofisi iliyoniajiri, nami nimesimama hapo hapo. Kuanzia Jumatatu watamtuma mtu mwingine. Nikachukua koti. Sikuogopa. Sikukasirika. Nilitembea hadi kituoni nikiwaza kama nyumbani kuna vitunguu.

Jumamosi, 8 Machi
Nekesa, ninayeishi naye, amenifokea tangu asubuhi.
"Wee Nafula, unafutwa kazi na umekaa tu? Si useme ni yule mama!"
Nikamwambia nikisema, watampeleka.
"Na wewe utaenda wapi?"
Sijui kama hii ni huruma au ni uchovu. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 9 Machi
Simu ya Ewa imenikuta nikitoka kanisani. Analia. Alilala kwa mamake. Asubuhi alimkuta na birika, anayamiminia maua ya kwenye picha chai.
"Kwa nini hukuniambia?"
"Ungempeleka."
Akasema samahani, akaniomba nirudi kesho. Nikasema sawa. Nekesa alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nikaendelea kumenya viazi. Nilitaka kufurahi. Haikuja.

Jumatatu, 10 Machi
Picha imepelekwa kwa fundi. Ameahidi kujaribu, hajaahidi zaidi. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Ewa amehamia chumba cha juu. Mama haendi popote kwa sasa.
Mama Halina aliutazama ukuta kidogo, akageukia dirisha, akalala. Ewa alikuwa anapika supu. Akaniuliza kama nina ndugu huku. Nikamwambia nilikuwa na dada, nyumbani, amefariki mwezi wa kwanza. Alizima jiko, akaja akaketi kando yangu. Tumekaa hivyo mpaka mamake alipoamka.