Rozari ya Vifungo

Mwenzangu, niko kwenye cherehani nafumua vifungo.

Unajua watoto hawaniachii nafasi ya kusali. Basi nasali nikishona: kifungo kimoja, Salamu Maria moja, hadi zitimie kumi za fungu la rozari.

Leo bosi wa walinzi amekuja kuchukua mashati yake matano. Kila moja lina vifungo kumi. Kumi, mwenzangu. Alitaka sita.

Akaniambia taratibu, "Mama, mlinzi wangu akimaliza kufunga hivi, mwizi ameshafika kwao."

Asipoyapata kesho jioni, kazi anampa fundi mwingine.

Nimefumua mawili. Kila kifungo ninachotoa, midomo inasali tena yenyewe. Mume wangu akasimama mlangoni: "Na hizo sala za kutoa vifungo, unampelekea nani?"

Nimeweka mkasi chini. Matatu yaliyobaki nitamalizia kesho.