Kamati Ndogo ya Mbavu

Jumapili, 8 Juni

Ndugu wapambanaji! Wenye njaa wa mabweni yote! Enyi mliotafuna kwa subira hadi taya zikaota misuli!

— Nimeanza hivi kwa mazoea. Hakuna umma humu. Ni mimi, daftari hili, na meza ya jikoni kwa mama mdogo, ambayo nusu yake imetwaliwa na cherehani tangu dari la sebule lianze kuvuja.

Siku ya sita ya mgomo wa bwalo. Leo nilisimama kwenye ngazi za maktaba, mbele ya watu wapatao mia mbili, nikafanya jambo la kipumbavu kwa ufasaha mkubwa. Kijana wa mwaka wa kwanza aliuliza, kwa upole kabisa, iwapo mbavu za ng'ombe zinaweza kweli kulainika, au tunadai kisichowezekana. Swali halali! Lingejibiwa kwa sentensi moja. Mimi nikanyanyua mkono: nipeni mbavu zilezile, kutoka bucha ileile inayouzia chuo, nipeni jiko la kawaida la nyumbani, na Jumamosi nitawalisha nyama inayouacha mfupa bila kubembelezwa! Wakashangilia. Wakagonga sahani tupu. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: limepitishwa.

Sijawahi kupika mbavu. Nimepika chai, mayai, na wali ambao mama mdogo aliupa jina la "jaribio".

Kesho tunawasilisha waraka wa madai kwa Mkuu wa Utawala. Madai manne, saini mia tatu na kumi na mbili. Dai la kwanza nimelitunga mwenyewe: mpishi mkuu wa bwalo aondolewe kazini. Yule mama mkimya anayetupakulia nyama ngumu kama soli huku akitazama pembeni. Hotuba inahitaji sura ya adui. Nilichagua yake.

Jumatatu, 9 Juni

Waraka umepokelewa. Karani aliugonga mhuri bila kuusoma, akaurusha kwenye trei. Wiki nzima ya fikra zetu!

Kisha buchani. Muuza nyama alinitambua. "Si wewe yule wa kipaza sauti?" Nikamwambia nataka mbavu kama zile anazokiuzia chuo, zisiwe bora zaidi hata kidogo. Akaniuliza nazitaka za kula au za ushahidi. Sikucheka.

Jaribio la kwanza. Msimamo wangu ulikuwa wazi: moto mkali, uamuzi wa haraka. Nilizichemsha dakika arobaini kwa nguvu zote za gesi, nikazihamishia kwenye jiko la mkaa uani, nikazipaka sosi yangu ya nyanya, sukari na siki, ndimi za moto zikirukaruka. Sosi iliungua kabla nyama haijapata habari. Nje makaa, ndani mpira! Mama mdogo alitafuna kipande kimoja kwa muda wa kushona pindo zima la sketi. Kisha akakitoa mdomoni kwa adabu, akakiweka kwenye kisahani cha vifungo.

"Mwanangu, hii umeipika au umeihutubia?"

Jumanne, 10 Juni

Katibu — binti wa sheria, miwani mizito, mzaha hana — amechambua kosa la jana na kulitangaza kuwa la kimuundo. Maamuzi yote yalifanywa na mtu mmoja! Ikaundwa Kamati Ndogo ya Mbavu, wajumbe watano: mimi, Katibu, yule wa kemia tunayemwita Profesa, na wasichana wawili wa bweni la juu. Kanuni moja: uenyekiti wa jiko ni kwa zamu, nusu saa kila mmoja, ili pasizuke udikteta mbele ya sufuria.

Niliiunga mkono. Nilisema hata maneno fulani kuhusu jiko kuwa shule ya demokrasia. Mungu anisamehe.

Katibu alifungua kikao saa saba kwa moto wa wastani. Profesa aliposhika hatamu akaupandisha, akitoa maelezo kuhusu protini ambayo hakuna aliyeyaomba. Msichana wa kwanza akaushusha na kuongeza maji. Wa pili akayamwaga yale maji. Zamu yangu ilipofika nilikuta sufuria isiyojua kama inachemsha, inakaanga au inasubiri mwongozo. Zaidi ya hayo, kila mjumbe alikuwa na haki ya kukagua! Kifuniko kilifunuliwa mara thelathini na nne — Katibu alihesabu, imo kwenye kumbukumbu. Kila mara mvuke ukatoka wote, ukatupiga usoni, ukaishia dirishani.

"Hebu nayo nyama ipeni haki ya kuachwa peke yake!" mama mdogo akatupigia kelele kutoka kwenye cherehani.

Saa tisa na nusu tukapiga kura iwapo zimeiva. Tatu kwa mbili, zimeiva. Mbavu hazikuheshimu matokeo. Profesa ameumia fizi.

Jumatano, 11 Juni

Nimepika peke yangu. Nilisikia kwamba papai bichi hulainisha nyama, nikazipaka asubuhi na kwenda mihadharani. Saa kumi nikakuta uji wenye mifupa. Mama mdogo aliuonja kwa ncha ya ulimi: "Leo umevuka mpaka."

Katibu amewaona watu kumi na mmoja wa mwaka wa kwanza kwenye foleni ya bwalo, vichwa chini, trei mkononi. Jana walikuwa wanne. Mgomo unavuja. Wote wanaingoja Jumamosi — nikiwalisha soli, Jumatatu bwalo litajaa.

Nimechoka na mbavu. Nimechoka na sauti yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwa changu hakina.

Nilirudi buchani. Nilikuwa mnyonge kiasi kwamba muuza nyama aliniwekea kigoda. Nikamweleza majaribio yote matatu. Akauliza, "Ule utando umeutoa?" Utando gani! Akashangaa. Akasema wateja wake hawaujui, isipokuwa mmoja tu anayemsisitizia kila wiki autoe, na kumsihi nyama ifike chuoni alfajiri. Lakini gari la chuo halifiki buchani kabla ya saa nne. "Mteja gani?" nikauliza, na tayari nilikuwa nimeshajua.

Nikaenda mlango wa nyuma wa bwalo. Mpishi mkuu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, aproni mapajani, akimenya vitunguu. Aliponiona hakushtuka.

"Karibu, mheshimiwa. Utanihutubia ukiwa umesimama, au nikutafutie kreti?"

Nikasema shikamoo. Akaacha kumenya. Nadhani alitarajia lolote isipokuwa hiyo. "Marahaba, binti." Nikamwambia ukweli: Jumamosi nina wageni na sijui kupika mbavu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni — ingawa vitunguu navyo vilichangia. Kisha akanifundisha, bila kunidai chochote, hata radhi.

Geuza upande wa mfupa. Kuna ngozi nyembamba kama nailoni. Inyanyue kwa mpini wa kijiko, ishike kwa kitambaa kikavu, vuta. Ikibaki hiyo, nyama itajikunja na kukakamaa hata uipike mpaka kesho. Chumvi na viungo viwekwe siku moja kabla. Kisha trei, foili, pembe zote zibanwe. Oveni iwe ya moto mdogo, "mdogo mpaka uone aibu kuuita moto." Masaa manne. "Na mkono wako uufunge kamba kama ni lazima, lakini usifungue." Mkaa uje mwisho, na sosi mwisho kabisa, dakika kumi tu, kwa kuwa ina sukari.

"Masaa manne," nikarudia. "Na hapa, mama, unapata mangapi?"

"Nyama inanifikia saa nne na nusu. Kengele ya chakula inalia saa sita na nusu. Wewe ndiye msomi."

Mawili. Mawili! Kwa watu mia nne! Nikamwuliza kwa nini hajawahi kusema. Akasema amesema: barua tatu kwa Mkuu wa Utawala, akiomba gari liondoke mapema. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili haikujibiwa, ya tatu ilijibiwa kwamba dereva anaanza kazi saa tatu. Alikuwa akitazama pembeni tunapopita na sahani, alisema, kwa kuwa yeye anajua mbavu iliyoiva inavyokuwa.

Nilirudi kwa miguu. Kila hatua nilisikia saini zile mia tatu na kumi na mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Tumeshinda! Naandika neno hilo na linanichefua.

Jibu la utawala limekuja leo saa tano — siku nne tu! Dai la kwanza limekubaliwa kikamilifu. Mpishi mkuu ataachishwa kazi Jumatatu saa mbili asubuhi, mara kamati ya mgomo itakapothibitisha kwa maandishi, wajumbe wote watano, mimi nikiwemo. Madai mengine matatu "yatatazamwa kwa wakati mwafaka". Bila shaka! Tumewauzia mtu wa kumtupia lawama, tena tukamfunga kwa utepe. Nani angekataa?

Nilimvuta Katibu pembeni nikamweleza yote: utando, gari, barua tatu. Alisikiliza vizuri, nakiri. Akavua miwani.

"Kwa hiyo Jumamosi utasimama useme tulikosea mtu?"

"Ndiyo."

"Wewe uliyemtaja kwa kipaza sauti."

"Ndiyo."

"Basi mgomo umekwisha, dada. Utawala utatucheka, na hakuna atakayetia saini tena karatasi yenye jina lako." Akavaa miwani yake. "Tuchukue huu ushindi. Hilo la gari tutalidai muhula ujao."

Baya zaidi: hoja yake ina mantiki. Ningeitoa mimi mwenyewe wiki iliyopita, tena kwa mifano.

Mchana wote nimechuna utando kwa mpini wa kijiko. Vipande kumi na vinne vya mbavu. Utando wa kwanza ulikatika vipandevipande, nikalaani. Wa nne ukatoka mzima, mrefu, unaopitisha mwanga. Mama mdogo akaunyanyua mbele ya dirisha, akasema angeweza kuutia bitana. Nimepaka chumvi. Nimefunika.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tano kamili asubuhi, trei tatu zimeingia: mbili katika oveni yetu, moja kwa jirani. Moto wa aibu. Sijafungua.

Saa saba. Sijafungua. Profesa amepita "kukagua". Mama mdogo amemsimamisha mlangoni kwa mkasi wa kitambaa.

Saa nane na robo. Harufu imefika barabarani. Sijafungua. Nimejaribu kuandika hotuba mara tatu. Kila mara inaanza kwa kumlaumu mtu mwingine.

Saa tisa nikafungua. Nyama ilikuwa imejivuta nyuma, ncha za mifupa zimetokeza kama vidole kwenye mkono wa shati lililorudi baada ya kufuliwa. Dakika kumi juu ya mkaa, sosi ikang'aa, nikaondoa. Nilishika mfupa mmoja ili nijaribu. Ukatoka peke yake. Msafi. Nilisimama uani na mfupa mkononi, nikataka kulia kwa hasira.

Sasa ni saa kumi na nusu na ushei. Wawakilishi wa mabweni ishirini na wawili, waliotumwa kuonja kwa niaba ya wote, wamo uani na mimi nimejifungia jikoni. Wanakula. Hawazungumzi, wanaguna. Kisha Profesa akapanda juu ya ndoo, akauinua mfupa mtupu:

"Jiko la nyumbani, wandugu! La nyumbani! Yule mama alikuwa na kisingizio gani?"

Wakapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Kila tonge laini linamtia yeye hatiani, na mpishi ni mimi! Ningewapikia soli leo, angalau wangemhurumia.

Katibu ameleta karatasi ya uthibitisho. Saini nne zipo. Ameiweka juu ya cherehani, akaikandamiza kwa kisahani. "Saini sasa, wakiwa na furaha." Nikasema natafuta kalamu. Kalamu ndiyo hii.

Mama mdogo ameingia kuchukua vitambaa vya kufutia mikono. Akaniangalia, akaiangalia karatasi.

"Mbona huli? Huko nje wanasema wewe ni jembe."

"Mama mdogo, wakijua nimepikaje hawatasema hivyo."

"Basi si uwaambie ulivyopika?" Akachukua vitambaa, akatoka. Kama vile ni jambo dogo! Kama vile ni kusoma kipimo cha kiuno!

Sijasaini. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili, nimeandika kwa herufi kubwa, na sasa nafungua mlango kuubandika:

WAWAKILISHI WOTE. MSINAWE, MSIONDOKE. KIKAO CHA DHARURA HAPAHAPA UANI. AJENDA MOJA: MASAA MANNE. MSEMAJI: MIMI. SAA KUMI NA MOJA KAMILI.