Kijani Kwenye Kilele cha Meru

Jumamosi, 7 Juni
Watu saba uani leo. Nimekata magunia ya kahawa, nimeyabana kwenye fremu, nimegawa kulabu. Kulabu zote nimetengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli. Levolosi nzima, hapa Arusha, hakuna mwingine anayejua zulia la kulabu, na kama yupo basi nilimfundisha mimi. Mimi nilifundishwa na bibi mmoja mzungu, mtalii niliyekuwa namwendesha porini kabla ya malori, gari lilipoharibika likatulaza siku tatu. Madereva wenzangu walirudi na bakshishi. Mimi nilirudi na ufundi.

Kazi si ngumu. Unachana nguo ya mtumba iwe kamba nyembamba, unaishika chini ya gunia, unachomeka kulabu kwa juu, unavuta. Kinatoka kitanzi. Halafu kingine. Hakuna fundo hata moja.

Mama Jaspal, wa duka la vitambaa, kaja na mabaki yake. Kasema vitanzi vyangu vimesimama kama nywele za mtu aliyeona simba. Kweli. Mkono wa dereva wa lori. Vya mke wangu vifupi, sawasawa, kama mahindi kwenye gunzi. Nilimfundisha mimi, akanipita mwaka uleule. Hilo huwa silisemi mbele za watu.

Anatengeneza mlima Meru, kama unavyoonekana kutoka kwao Akheri. Chini migomba, katikati msitu, juu mawe ya kijivu.

Jumanne, 10 Juni
Hospitali. Mke wangu, Mama Neema, ana presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, la kulia linafuata. Daktari kijana, mpole. Kasema dawa ya matone itachelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Nikauliza India je. Akasema hata India. Nikamtupia utani, hakucheka. Sikumbuki hata ulikuwa utani gani.

Nimefika Lubumbashi na lori bovu. Nimefungua injini njiani kwa bisibisi moja. Hapa sina pa kushika.

Mama Neema hakulia. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema: "Nataka nimalize mlima kwa mkono wangu."

Alhamisi, 12 Juni
Ukungu. Mlima hauonekani hata kwa wenye macho. Nimekwenda Ngaramtoni sokoni, nimepata sweta tatu za sufu, za kijivu. Nimefua, nimechana, nimepanga makopo: kijani kushoto, kijivu kulia, ili mkono uzoee. Nimefurahi. Angalau hilo nimeweza.

Jumamosi, 14 Juni
Kundi limekuja. Neema, binti yetu, kaja na maparachichi, akakaa na mama yake fremu moja. Jioni kanivuta jikoni. Kasema mama kaweka kijani kileleni. Nimekwenda kuangalia. Vitanzi kama mia, kijani cha migomba, juu kabisa kwenye mawe. Watu walikuwa wanachota vitambaa, makopo yakahama. Neema kauliza, Baba, tumwambie? Nikasema niachie mimi. Mimi huwa nina jibu la kila kitu.

Jumapili, 15 Juni
Yeye kaenda ibada ya kwanza na Neema. Mimi nimesingizia mgongo. Nimefumua kijani chote. Unavuta ncha, mstari mzima unakuja, kama haukuwahi kuwepo. Nimeweka kijivu. Nimejikaza kufupisha vitanzi, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Kijani nimekitupa bandani kwa kuku kisionekane. Kilele safi. Nimejipongeza kwa chai na andazi. Mungu anisamehe ule mgongo.

Jumatatu, 16 Juni
Kajua.

Alikaa, akapitisha vidole kwenye kilele. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Nilikuwa nimeshika kikombe.

"Baba Neema, huu si mkono wangu."

Nikamwaga maneno. Makopo, rangi, mapenzi, gharama ya sufu. Akasubiri nimalize.

"Macho yananiacha bila kuniuliza. Na wewe pia?"

Akaweka kulabu chini. Nimejiona mwizi.

Jumatano, 18 Juni
Hajagusa zulia. Anachambua mchele kwa vidole, polepole. Nikimpa maji anasema asante, ile asante ya mgeni. Nimetania mara mbili. Nimeomba msamaha, halafu nikaongeza kwamba ufundi wenyewe nilimpa mimi, nilitaka tu kazi iwe safi. Mjinga mkubwa. Darasa la saba lote lile sikufundishwa kunyamaza.

Dawa ya matone asubuhi na jioni. Naweka mimi.

Jumamosi, 21 Juni
Kundi limekuja, yeye kabaki chumbani. Nimewaeleza yote. Sijawahi kujisema vibaya mbele ya watu saba. Neema akainamia gunia lake. Mama Jaspal hakupandisha sauti. Kasema mama yake mzazi alipika chapati miaka mingi bila kuona, na chapati zilizoungua ni zile walizomsaidia wao.

"Mrudishie kijani chake," kasema.

Nimeingia bandani. Kuku mwekundu kakalia mayai, na chini ya mayai kijani cha mke wangu. Kanidonoa mpaka damu. Mikono iliyoshika usukani wa semi-trela, ikashindwa na kuku mbele ya wageni. Nimestahili. Nimetoa kijani chote, isipokuwa kamba mbili alizokataa katakata.

Jumapili, 22 Juni
Nimefua. Nimeanika. Nimefumua kijivu changu. Baada ya ibada nimemwekea kijani mapajani. Nimemwambia ni kijani, kilikuwa kileleni, nilikitupa kwa kuku, na sasa kilele kiko wazi. Basi. Sikuongeza neno. Afadhali kudonolewa bandani kuliko kunyamaza hivyo.

Kakishika muda mrefu. Akakinusa.

"Kinanuka kuku."

Akacheka kidogo. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye ndoo.

Jumatano, 25 Juni
Ukungu bado. Asubuhi kakitafuta kikombe chake kwa kupapasa mezani, kilikuwa mbele yake. Nilikisogeza, halafu nikatamani nisingekisogeza.

Kakaa kibarazani na fremu. Anarudisha kijani kileleni. Nikamwambia hicho ni kijani, Mama Neema, kijivu kiko kopo la kulia. Akasema anajua, nilishamwambia, na mlima huu ni wake. Akaendelea.

Kule juu ni mawe matupu. Nimeutazama mlima ule miaka yote, najua.

Anapima kwa kidole, anavuta, anapima tena. Vifupi, sawasawa. Mimi nachana vitambaa.