Jibu Litapatikana Ijumaa

Silibwet,
Jumapili.

Kwa Mama mpendwa,

Chamgei! Natumaini barua hii imekukuta mzima, goti limepoa, na yule ng'ombe mkorofi ameacha kupiga ndoo teke. Sisi tu wazima. Kipsang mwanao anakusalimu. Ananenepa tu, usimwonee huruma.

Mama, nimepita! Mkaza mwana wako, msichana wa viazi kutoka Londiani aliyekuja kwako hajui hata kuchuma majani ya chai, sasa anaitwa Daktari. Si wa sindano. Ni wa maadili ya tiba: nani aulizwe, na vipi, kabla mwili wake haujaguswa.

Mtihani ulikuwa moto. Profesa mmoja wa ng'ambo, akiongea kwenye skrini, alishikilia kwamba somo letu ni moja dunia nzima: fomu moja, mtu mmoja, sahihi moja. Nimwonyeshe tofauti iko wapi, ama nirudi nikakiandike upya kitabu changu cha utafiti. Miaka mitano, Mama!

Ndipo nikawaeleza habari zako. Watafiti walipokuja Kimulot kutaka damu ya wachuma chai, ulikunja fomu yao ukaitia mfukoni, ukasema watapata jibu Ijumaa, ukishaongea na wenzako pale kituo cha kupimia majani. Wakaandika kwamba umekataa. Ijumaa ukafika umepandisha mkono wa sweta, tayari kabisa, kumbe walishaondoka. Nikamwambia profesa kwamba vitabu tunasoma vilevile, lakini somo lisiloweza kungoja Ijumaa ya Kimulot bado si la dunia nzima. Akapiga makofi. Nilijivunia kuwa wako, nikalia mbele ya watu wote.

Sasa kuna neno linalonikaa kooni. Nilitaja jina lako, Chepkemboi wa Kimulot, na limo ndani ya kitabu changu. Sikukuuliza. Mimi, mtaalamu mzima wa kuomba ruhusa! Kipsang anasema hutajali. Nikamwambia hilo si lake kulijibu. Naona haya, Mama, nisamehe. Nimeomba chuoni wasikichape kwanza. Ukikataa, ukurasa huo unatoka, ingawa ndio moyo wa kitabu.

Usinijibu leo. Ongea kwanza na wenzako kina Janeffer pale kituoni. Msalimie Baba na majirani. Ijumaa nitakuja, na nikikuta hamjamaliza kuongea, nitakaa ningoje.

Binti yako,
Mwihaki